Incarnadine: Neno Lililoingia Baharini Likatoka na Damu

Kuna maneno ambayo mtu anaweza kusoma Kiingereza miaka ishirini asikutane nayo hata mara moja, halafu siku moja yakamsimamisha katikati ya mstari. Mimi neno incarnadine lilinikuta ndani ya Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, na mara ya kwanza nililipita tu. Nilidhani ni jina la bahari, kama mtu anavyosema Bahari ya Kaspi, kwa kuwa lilikuwa limesimama ubavuni mwa neno la bahari. Baadaye sana nikagundua kwamba hicho ndicho kitenzi kilichobeba sentensi nzima. Tangu hapo nimelipenda, na ningependa wengine wasilipite kama nilivyolipita mimi.

Mistari yenyewe ni hii, kutoka sehemu ya pili, onyesho la pili:

Will all great Neptune's ocean wash this blood
Clean from my hand? No, this my hand will rather
The multitudinous seas incarnadine,
Making the green one red.

Ni usiku. Macbeth, jemadari wa Uskoti, ametoka kumchoma visu Mfalme Duncan aliyekuwa amelala nyumbani kwake, mgeni wake na mkubwa wake. Kwa bumbuwazi ametoka na visu mkononi, na mkewe amevichukua na kuvirudisha chumbani ili walinzi waliolala ndio washukiwe. Kwa hiyo Macbeth yuko peke yake. Lango linagongwa, hajui ni nani. Anaitazama mikono yake na kuuliza kama bahari yote ya Neptuno, yule mungu wa maji wa Warumi, ingeweza kuiosha damu hii. Anajijibu mwenyewe kwamba haiwezi: mkono huu ndio utakaozigeuza bahari zote kuwa nyekundu.

Anayetafuta maana ya haraka anaweza kuishia hapo: kama kitenzi, incarnadine ni kutia rangi nyekundu, hasa nyekundu ya damu. Kamusi zitamwambia hivyo na hazitakuwa zimekosea. Lakini kabla ya mkono wa Macbeth kulishika, neno hili halikuwa na damu hata tone.

Mzizi wake ni neno la Kilatini caro, ambalo katika maumbo mengine huwa carn-, maana yake nyama au mwili. Ukoo wake ni mkubwa. Nyama kwa Kiitaliano na Kihispania ni carne. Kanivali, sherehe ya kula na kucheza kabla ya Kwaresima, ilipata jina lake Italia kutokana na maneno ya kuondoa nyama, kwa sababu siku za mfungo zilikuwa zinakaribia. Na kuna tawi ambalo Mkristo yeyote msomaji wa Kiswahili analijua hata kama hajui Kilatini: Yohana sura ya kwanza, aya ya 14, “Naye Neno alifanyika mwili”. Kwa Kilatini mwili huo ni caro. Katika Kanuni ya Imani, pale waumini wanaposema “akapata mwili”, Kilatini kinasema incarnatus est. Fumbo ambalo Wakatoliki wa kwetu huliita Umwilisho na rangi ya mikono ya muuaji vimetoka tumbo moja.

Kutoka katika mwili kwenda katika rangi, njia ilipita Italia. Incarnato ikawa jina la rangi ya mwili wa mtu, na karibu nayo likazaliwa umbo incarnadino. Wafaransa wakalichukua, na miaka ya 1590 likaingia Kiingereza likiwa kivumishi. Lilimaanisha rangi ya ngozi, ile ya waridi hafifu inayoonekana kwenye shavu la mtu mweupe. Lilikuwa neno la hariri na maua, neno laini.

Sisi nasi tunasema “rangi ya mwili” tukiwa dukani, na muuzaji akiuliza mwili wa nani swali lake lina mantiki. Neno la Kiitaliano halikuuliza. Lilichukulia kwamba mwili una rangi moja, ya watu walioketi mbele ya mchoraji wa kule. Mimi nadhani jambo kubwa alilolifanya Shakespeare, awe alikusudia au hakukusudia, ni kulivusha neno hili kutoka juu ya ngozi hadi ndani yake. Alipolitia mkononi mwa Macbeth halikuwa tena rangi ya shavu. Likawa rangi ya kile kinachotoka ngozi inapokatwa, na hapo binadamu wote rangi yao ni moja.

Jinsi lugha zinavyopata majina ya rangi inatusaidia kuelewa. Kiswahili kina rangi tatu tu zinazovaa viambishi vya ngeli kama vivumishi vya asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Zilizobaki tumezikopa kutoka katika vitu. Kijani kimetoka kwenye majani, kijivu kwenye jivu, manjano kwenye ile bizari ya kupikia, zambarau kwenye tunda. Tuna rangi ya chungwa, ya udongo, ya waridi. Na tuna ile nyekundu nzito inayokaribia weusi, ambayo mafundi cherehani na wapangaji wa harusi huiita damu ya mzee. Incarnadine ni la kundi hili, ni rangi iliyopewa jina la kitu. Kwa hiyo Mswahili hana haja ya kulishangaa. Anayeweza kusema “gauni la damu ya mzee” bila kumwona mzee wala jeraha ameshaelewa jinsi neno la mwili linavyoweza kuishi maisha yake kama rangi tupu, mpaka mtu aje alikumbushe lilikotoka.

Jambo la pili alilolifanya Shakespeare ni la kisarufi. Alilikuta kivumishi akalitumia kama kitenzi, bila kuliongeza wala kulipunguza herufi. Kiingereza kinaruhusu hilo, naye alilipenda mno. Katika Richard II kuna bwana mmoja, York, anayemwambia mtoto wa kaka yake “uncle me no uncle”. Kwetu York ni baba mdogo, na anachosema ni kwamba asiitwe-itwe baba mdogo na kijana aliyemuasi mfalme. Jina la undugu limegeuzwa tendo papo hapo. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa mnyambuliko: fupi inazaa fupisha, safi inazaa safisha, imara inazaa imarisha. Cha ajabu, rangi zetu hukataa. Hakuna anayesema “nyekundisha”. Tunasema kutia wekundu, kupaka rangi nyekundu, kugeuza kuwa nyekundu. Kwa hiyo mahali ambapo Kiingereza kina neno moja lenye silabi nne, sisi tunahitaji kitenzi na mwenzake, na mfasiri yuko taabani kabla hajaanza.

Wazo la damu isiyosafishika na bahari ni la kale kuliko Shakespeare. Seneca, Mrumi aliyekufa mwaka 65, ana mhusika katika tamthilia ya Phaedra anayeuliza ni mto gani utakaomtakasa, na kusema kwamba hata baba Bahari mwenyewe kwa maji yake yote hawezi kufuta uovu mkubwa namna ile. Tamthilia za Seneca zilichapishwa pamoja kwa Kiingereza mwaka 1581, wakati Shakespeare alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Ukiisoma Seneca kisha ukarudi kwa Macbeth, unaona ni wapi hasa mtunzi wa pili alipomzidi wa kwanza. Seneca anasimama kwenye kushindwa: maji hayatoshi. Shakespeare anaugeuza mwendo. Maji hayautakasi mkono, bali mkono unayachafua maji. Na kazi yote ya kugeuza mwendo huo imewekwa juu ya neno moja, incarnadine, lililocheleweshwa mpaka mwisho kabisa wa mstari. Msikilizaji anasikia mkono, anasikia bahari, na hajui mkono utazifanya nini bahari hizo hadi neno la mwisho litamkwe.

Mstari huo una maneno manne tu. Kwa kawaida mstari wa aina hii una mizani kumi, na maneno mawili ya Kilatini, multitudinous na incarnadine, yanazimeza tisa, kiasi kwamba mwigizaji inambidi aibane silabi moja ili mstari ukae. Halafu ghafla yanakuja maneno matano mafupi, yote ya Kiingereza cha asili, cha shambani na jikoni: making the green one red. Baada ya hayo mstari unakatika nusu. Kunabaki ukimya.

Ladha ya mpito huo Mswahili anaweza kuionja kwa masikio yake mwenyewe. Tangazo la msiba redioni husema marehemu amefariki dunia. Mama aliyefiwa, akidondoka chini, husema mwanangu amekufa. Neno lenye asili ya Kiarabu lina staha na umbali, la Kibantu linakata. Waingereza wana hali hiyohiyo kati ya maneno ya Kilatini na yale ya babu zao. Macbeth anaanza kwa maneno makubwa, kana kwamba ukubwa wake utamkinga na anachokitazama, kisha maneno makubwa yanamwishia na anabaki na nyekundu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema neno hili ni pambo la mtu aliyetaka kuonyesha elimu. Angelitumia neno la kawaida la kuwa mwekundu, anguko hilo lisingekuwapo, kwa kuwa hakungekuwa na urefu wa kuangukia.

Tena mtunzi hakuwatelekeza watazamaji wake. Kitenzi hiki kilikuwa kipya kwao, na wengi waliosimama uani mwa ukumbi wa maonyesho hawakuwa na Kilatini. Basi maneno matano mafupi yanafanya kazi ya ufafanuzi: hujaelewa incarnadine ni nini, hii hapa, ni kufanya kijani kuwa nyekundu. Fasili imo ndani ya ushairi wenyewe, bila mtu kutoka jukwaani kuja kueleza.

Hata hivyo, maneno hayo mepesi ndiyo yaliyoleta mabishano. Macbeth ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1623, miaka saba baada ya Shakespeare kufariki, katika kitabu kikubwa kilichokusanya tamthilia zake. Humo koma imewekwa baada ya one: “the Greene one, Red”. Ukisoma hivyo, one inasimama badala ya bahari, yaani ile ya kijani inafanywa nyekundu. Wahariri wa baadaye wakaona koma, au pumzi, iwe baada ya green: kijani chote kinakuwa nyekundu moja, nyekundu tupu isiyo na doa la rangi nyingine. Koma moja, maana mbili, na Kiingereza kinaweza kukaa katikati bila kuchagua.

Kiswahili hakikai katikati. Ngeli zinadai jibu. Usomaji wa kwanza ni “ile ya kijani iwe nyekundu”, wa pili ni “kijani chote kiwe wekundu mmoja”, na hakuna sentensi moja inayobeba yote mawili. Mimi nachagua wa pili, na sababu yangu iko katika mstari wenyewe. Multitudinous ni wingi usiohesabika, bahari juu ya bahari na mawimbi juu ya mawimbi. Wingi wote huo unapoishia kwenye neno moja, kilichotokea kinatisha zaidi: dunia yenye rangi nyingi imebakiwa na moja.

Tamthilia hii iliingia Kiswahilini mwaka 1968, ilipofasiriwa na Samuel S. Mushi kwa jina la Makbeth, miaka mitano baada ya Nyerere kumleta Julius Caesar. Nami, kwa ajili ya makala hii, nimejaribu mistari yetu minne kwa mkono wangu:

Je, bahari yote kuu ya Neptuno itaiosha damu hii
mkono wangu utakate? La. Mkono wangu huu ndio
bahari zisizo idadi utakaozitia damu,
kijani chote kiwe wekundu mmoja.

Nilianza na “kuzigeuza damu”, nikaliacha. Msomaji wa Biblia angeikumbuka mara moja fimbo iliyoyapiga maji ya Misri yakawa damu, na lile lilikuwa pigo la Mungu, hali hili ni la mkono wa mtu. “Kuzitia wekundu” ni sahihi lakini baridi. “Kuzitia damu” inarudisha mwili ndani ya rangi, na kwa kuwa kiambishi -zi- kinaikumbuka bahari iliyotangulia, kitenzi kinaweza kubaki mwishoni mwa mstari kama kwa Shakespeare. Kilichopotea ni sauti. Sina neno la silabi nne linaloviringika mdomoni kama wimbi, na sidhani lipo.

Mara tu baada ya ukimya ule mkewe anarudi, naye mikono imeloa, na anamwambia kwamba mikono yake sasa ina rangi moja na ya mumewe, ila angeona haya kubeba moyo mweupe kama wake. Hapa mfasiri wa Kiswahili ajihadhari. Kwa Lady Macbeth moyo mweupe ni moyo uliokimbiwa na damu, wa woga. Kwetu kumpokea mgeni kwa moyo mweupe ni sifa. Ukifasiri neno kwa neno, mwanamke huyo ataonekana anamsifu mumewe kwa usafi wa nafsi, katika saa ambayo hana hata chembe yake. Afadhali kusema moyo wa woga na kuipoteza rangi.

Neno incarnadine linatokea mara moja tu katika kazi zote za Shakespeare. Lakini mara hiyo moja ilitosha kulibadilisha moja kwa moja. Aliyelitumia baada ya hapo, hata akizungumzia waridi, nyuma yake bahari ya Macbeth inasikika.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Edward FitzGerald, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1859 beti 75 alizozitoa katika Kiajemi cha Omar Khayyam. Katika ubeti mmoja midomo ya Daudi imefungwa, lakini ndege anayeimba usiku, yule bulbul wa mashairi ya Kiajemi, analilia waridi kwa Kipahlavi, yaani Kiajemi cha kale: divai, divai, divai nyekundu, ili shavu lake la manjano lipate incarnadine. Katika matoleo ya baadaye manjano ile ikawa mpauko wa mgonjwa. Tazama alichofanya. Amekichukua kitenzi cha Shakespeare, lakini rangi ameirudisha ilikoanzia, kwenye shavu. Hakuna aliyechomwa kisu. Ni damu ya afya inayopanda usoni mwa aliyekunywa au aliyependa.

Ubeti huohuo unatusaidia jambo jingine dogo. Watu hubishana kuhusu matamshi ya silabi ya mwisho, na kamusi hutoa zaidi ya moja. Aliyelelewa na vina na mizani ataitafuta kina. FitzGerald amelifanya incarnadine lifuatane na divine na wine, kwa hiyo kwake lilikuwa inkanadain. Mimi hulitamka hivyo.

Wengine walilichukua kwa machweo na medani za vita, na hapo, kwa maoni yangu, mara nyingi huchosha. Jua likizama ni jekundu tu, halihitaji Kilatini. Neno hili linahitaji mwili mahali fulani karibu. Mshairi wa Marekani Mary Szybist alilijua hilo alipoipa diwani yake jina la Incarnadine, iliyotoka mwaka 2013 na kupata tuzo ya National Book Award ya ushairi mwaka huohuo. Mashairi yake yanauzunguka tena na tena ule wakati malaika Gabrieli anapompasha habari Maria, yaani ule wakati Neno anapotwaa mwili. Neno ambalo Shakespeare alilipeleka kwenye mauaji, yeye amelirudisha hadi kwenye incarnatus, kwenye tumbo la mama. Na bado, kwa kuwa Macbeth imekwisha kuandikwa, damu imo.

Ndani ya tamthilia yenyewe bahari ile ya damu hairudi tena. Kinachorudi ni mkono. Katika sehemu ya tano Lady Macbeth anatembea usingizini, taa mkononi, akisugua doa lisiloonekana na mtu mwingine. Usiku ule wa mauaji yeye ndiye aliyesema kwamba maji kidogo yatawasafisha. Sasa anasema marashi yote ya Uarabuni hayatautia manukato mkono huu mdogo. Hana Neptuno, hana multitudinous. Maneno yake ni mafupi, ya mtu aliyechoka, na katikati yake kuna swali ambalo msomaji wa Kiswahili hulisikia kuliko hata Mwingereza mwenyewe, kwa sababu rangi hiyo jina lake analo tayari: nani angedhani kwamba yule mzee ana damu nyingi kiasi hiki?